Baridi ya Mteremko wa Ngamia

Novemba 19

Theluji ya kwanza imeshika leo. Watoto wa kijiji kizima wametoka nje wakipiga vigelegele kana kwamba kaletwa bibi harusi. Mimi nimetafuta daftari.

Nimeanza kuandika kwa sababu humu ndani hofu haisemwi. Ukisema unaogopa mtoto asije akaumia, mama mkwe anatema mate begani, ptu ptu ptu, anakuambia shari ina masikio na wewe umeiita. Haya basi, nisiposema nitaandika. Mama mkwe hasomi bila miwani, na miwani niliikalia mwezi jana.

Novemba 21

Imeyeyuka yote. Nimelala kama gogo.

Novemba 28

Imerudi, na safari hii imekuja na mizigo yake. Mpaka jioni ilikuwa imefika magotini, na watoto wameshaufungua Mteremko wa Ngamia.

Mteremko huo unaanzia juu kabisa, nyuma ya makaburi, unapita kando ya zizi la mawe lililobomoka, kisha unaporomoka moja kwa moja hadi barabarani, pale kwenye kona. Hiyo ndiyo barabara ya malori ya makaa ya mawe yanayotoka mgodini. Mwenzangu wa ndoa ni dereva wa mojawapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, tena akinywa chai, kwamba lori lenye mzigo likishaanza kuteremka kona ile kwenye barafu, breki ni pambo tu. Aliniambia kama kichekesho. Tangu siku hiyo sijakiona kichekesho kiko wapi.

Mwanangu ana miaka tisa. Ninamwita Kinda. Jina lake hasa ni la baba wa mwenzangu, aliyefariki mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa, na mke kwetu hatamki jina la baba mkwe, awe hai awe kaburini. Hata hapa siliandiki. Mama mkwe naye halitamki, maana ni jina la mumewe. Yeye humwita mtoto "Mzee wangu", kama alivyokuwa akimwita marehemu, na hivyo mwanangu alikuwa mzee tangu yumo kwenye nepi. Ana jina zuri, la heshima, na humu ndani hakuna wa kumwita nalo isipokuwa baba yake siku akiwepo. Wanaolitumia kila siku ni mwalimu wake na wale wahuni wa mteremkoni.

Desemba 3

Mkuu wa wahuni ni Kanyshai, binti wa Tursunaly fundi wa kuchomelea vyuma. Ana miaka kumi na mitatu na mdomo wa miaka hamsini. Baba yake amewaundia watoto wote vitelezi vya kukalia vya nondo, vyembamba, vyepesi, vina kasi kuliko farasi mwenye njaa. Nilimwambia leo, kwa upole wangu wote, awapeleke wenzake wakacheze pengine, mbali na barabara.

"Pengine ni tambarare, mama," akaniambia. "Tukatelezee mezani?"

Wenzake wakacheka. Kinda naye akacheka, nikamwona.

Desemba 9

Jana jioni walibeba ndoo za maji kutoka bombani, wakaumwagilia mteremko kama watu wanaomwagilia vitunguu. Leo asubuhi umekuwa kioo kitupu. Niliuona kutoka uani. Nikarudi ndani, nikazoa majivu yote ya jiko, nikapanda na karai nikayamwaga kuanzia zizini hadi chini, nikiwa bado na kandambili za ndani miguuni.

Watoto walilia kama waliofiwa. Jioni mama mkwe akanikalisha kitako, akaniambia majirani wananicheka. Akanisimulia kwamba yeye, akiwa msichana, walikuwa wakishuka kwa ngozi ya ng'ombe iliyogandishwa, wasichana wanne juu yake, hadi kwenye barafu ya mto na kuvuka ng'ambo. Akanionyesha jino lililokatika. Anajivunia jino lile kama wengine wanavyojivunia pete. Nikajisemea moyoni, mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini mwana asiyehofiwa je, analiliwa na nani? Nikammiminia chai.

Desemba 10

Theluji imeanguka usiku, imefunika majivu. Kazi bure.

Desemba 14

Sasa nimekuwa kama mwadhini. Kila alasiri wakitoka shule nasimama ukutani na kuita. Kinda, polepole. Kinda, vaa kofia. Kinda, usishuke kifudifudi. Kinda, rudi. Leo nilipofungua mdomo tu, wote kule juu wakaitikia kwa pamoja kwa sauti yangu, "Kinda-aaa," wamevuta mwisho hasa kama ninavyovuta mimi. Sikujua kama navuta hivyo.

Desemba 22

Mwenzangu amerudi kwa siku mbili, mweusi wa makaa hadi kwenye kope. Nilimwomba amkataze mtoto. Akamwita kwa jina lile, mara moja tu, bila kupaza sauti, na Kinda akasimama wima, mikono ubavuni kama askari. Sikuwahi kumwona hivyo kwangu. Baba akasema barabara usiivuke. Mtoto akasema ndiyo, baba.

Nimelala vizuri.

Desemba 24

Mwenzangu kaondoka alfajiri. Saa nane mchana mtoto alikuwa barabarani.

Januari 2

Lazima niandike nilichokiona, maana nikikiweka moyoni kitanioza.

Tursunaly ameling'oa boneti la gari lake bovu na kumpa bintiye. Boneti la gari, limepinduliwa, limefungwa kamba pembe mbili za mbele. Linabeba watoto wanne, watano wakibanana. Anayekaa mbele anashika kamba na kuongoza kwa visigino. Na wa mbele ni mwanangu, kwa sababu, wanasema, ana visigino vizuri.

Nilikuwa naanika nguo, zinaganda kabla sijazinyoosha, nikasikia mvumo. Boneti lilipita zizi, likapita mahali ambapo vitelezi vya nondo huwa vinasimama, halikusimama. Likaingia barabarani. Likavuka barabara. Likaenda kugonga tuta la theluji ambalo greda limelisukuma upande wa pili, theluji ikaruka juu, na watoto wakatoka mle ndani wakicheka, weupe kama waliotoka kinu cha unga.

Hiyo ndiyo breki yao. Wanaivuka barabara ya malori ili wasimame.

Nilikimbia na shati la mtu mkononi limeganda kama ubao. Nilimpiga Kinda nalo, likavunjika mkono. Shati, si mtoto. Alinitazama kwa huruma, ndicho kilichoniumiza. Akaniambia, "Mama, wewe unaogopa mpaka unachosha."

Januari 9

Baridi ya kupasua mawe. Hakuna aliyetoka. Alhamdulillahi.

Januari 10

Vilevile.

Januari 15

Leo nimejificha. Mtu mzima, mke wa watu, nimechuchumaa nyuma ya bomba la maji kuwavizia watoto. Nilitaka kuona ni nani anayewasukuma.

Nikamwona Kanyshai amesimama kwenye kona peke yake, ameshika kitambaa chekundu. Kumbe yeye hashuki. Anasikiliza. Kofia kaivua masikio yawe wazi, na masikio yenyewe yamekuwa mekundu kama kile kitambaa. Akikiinua juu, kule kileleni hawasogei. Akikishusha, wanashuka. Malori mawili yalipita na watoto wamekaa juu wametulia kama kuku kwenye kichanja. Saa nzima alisimama hivyo, saa nzima kwenye baridi ile, mtoto ambaye nimemwita shetani mdomoni mwangu tangu Novemba.

Aliniona. Hakucheka. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, naomba usiwe unaita. Ukiita, mimi siyasikii malori."

Nilijua anasema kweli. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimchukia kwa kusema kweli.

Januari 16

Sikuita. Nilijifunga kitambaa mdomoni nikasingizia jino.

Januari 19

Nimeita. Mara moja tu. Au mbili.

Januari 26

Nimekuwa nikiita kila siku tena. Siwezi. Nikinyamaza naona kama nimemwachia mkono. Mama mkwe anasema jina linachakaa kama soli, na hili la Kinda nimeshalitoboa. Kinda mwenyewe hageuki tena hata kichwa. Mbele ya wenzake anajifanya hanifahamu.

Januari 31

Theluji, theluji, theluji. Mwenzangu amepiga simu, anasema huko mgodini wanangoja njia ifunguliwe. Nimepanda juu ya paa ndipo nikampata. Nilitaka kumwambia kuhusu boneti, mtandao ukakatika kwenye salamu.

Februari 3

Nitaandika yote.

Theluji ilikoma leo asubuhi na ukungu ukashuka mahali pake. Alasiri nilikwenda bombani na ndoo mbili. Mama mkwe alikuwa pale na wanawake watatu wa jirani wakingoja zamu, wanazungumza habari za posa ya mtu. Ukungu ulikuwa umelala barabarani tu. Mteremkoni kulikuwa kweupe, naona hadi makaburini.

Nikatazama juu kwa mazoea. Boneti liko kileleni. Kinda mbele na kamba zake, katikati watoto wawili wadogo, nyuma kabisa Kanyshai. Kuna kitu kikanikaa vibaya moyoni na sikukijua mara moja. Halafu nikakijua. Kama Kanyshai yuko juu, barabarani yuko nani?

Nikageuka. Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa chini kwenye nguzo, kinaning'inia. Aliyeachiwa zamu hayupo. Baadaye tuliambiwa vidole vilimganda, akaenda kwao kujipasha moto, akaona akikifunga pale kitatosha. Na kitambaa kikiwa chini, kwa watoto hawa, maana yake ni moja tu, shuka.

Ndipo nikalisikia lori. Linakuja na mzigo, la kwanza tangu njia ya mgodini ifunguliwe, injini inanguruma kwa gia ndogo ndani ya ukungu, bado halionekani.

Niliita. "Kinda! Usishuke, kuna lori!"

Kule juu wakaitikia kama kila siku, "Kinda-aaa," na vicheko. Nikamwona Kanyshai akisukuma kwa mguu. Boneti likaanza kusogea.

Niliita tena. Niliita mara ya tatu, koo linachanika. Hakugeuza kichwa. Na jina lile lilikuwa tayari mdomoni mwangu, nalihisi kwenye ulimi, na mama mkwe amesimama hatua mbili kutoka kwangu na wale wanawake wananitazama, na mimi nikalimeza. Ninaandika kwa kuwa ni kweli. Mwanangu alikuwa anashukia lori na mimi nilikuwa bado naona haya.

Wakapita kaburi la mwisho. Taa za lori zikatokeza kwenye ukungu.

"Dooronbek!"

Sikujua kama nina sauti ile. Iligonga mlima ng'ambo ya mto ikarudi. "Dooronbek, geuza!"

Akanyooka. Kwenye kasi ile, nilimwona akinyooka mgongo, kama siku ile mbele ya baba yake. Akachimba visigino vyote viwili na kuvuta kamba ya kushoto kwa mwili mzima. Boneti likayumba, likageuka ubavu, likapanda ukuta wa zizi na kuwamwaga wote nyuma ya mawe. Lenyewe likaendelea kushuka tupu. Lori likapita juu yake. Nilisikia bati likikunjika. Dereva alikuwa ameikazia macho kona, anatafuna kitu, sidhani kama alijua amekanyaga nini.

Nilipofika zizini Kanyshai alikuwa amelala kifudifudi na wale wadogo wawili wako chini yake, wazima, wanalia. Mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kinda alikuwa ameketi, mgongo ukutani. Hana jeraha ila damu kidogo ya pua. Macho wazi. Nikamshika mabega, nikamwambia sema kitu, nitukane hata mimi. Hakusema.

Niliposhuka naye mgongoni, wale wanawake walikuwa bado wamesimama palepale. Hakuna aliyenisemesha. Mama mkwe alikuwa ameshaziinua ndoo zangu na kutangulia nyumbani bila kunitazama.

Februari 4

Daktari wa wilayani amempima. Mifupa mizima, kichwa kizima. Nikamuuliza mbona hasemi. Akasema tungoje.

Februari 7

Tunangoja. Anakula nikimlisha. Anatazama mlango. Mlango ukifunguka anashtuka, ukifungwa anashtuka. Amekojoa kitandani, mtoto wa miaka tisa, na hakuona haya. Ningefurahi angeona haya. Wazee wanasema moyo wake umedondoka kwa mshtuko na haujarudi.

Februari 8

Nimepanda paani na simu, nikampata baba yake. Poromoko la theluji limeifunga njia tena, hawezi kuja. Nikashuka kumchukua mtoto, nikapanda tena naye mgongoni, nikamwekea simu sikioni. Nikamsikia baba yake akimwita, mara ya kwanza kwa ukali, halafu kwa upole, halafu sauti ikamkatika. Kinda alisikiliza kama mtu anayesikiliza upepo. Mwenzangu alilia. Sijawahi kumsikia akilia.

Februari 11

Leo nimeyasikia yanayosemwa. Mke wa jirani amekuja kuazima chumvi, chumvi anayo. Akaniambia, kwa kunionea huruma, kwamba si mimi ninayelaumiwa sana. Ila watu wanasema nilimpigia mzee marehemu kelele kama mtu anayeita mbuzi, tena kuelekea makaburini, na jioni inaingia. Wanasema mzee alidhani anaitwa yeye. Akaja. Na kwa kuwa aliyeitwa alikuwa mtoto, akauchukua moyo wa mtoto akaenda nao.

Nikamwambia chukua chumvi uende.

Lakini maneno yamebaki humu ndani. Nimepiga mahesabu yote ya usiku na mchana. Nisingeita, angekuwa chini ya lori. Nimeita, na aliyeketi pale mkekani si mwanangu mzima. Naogopa kumtazama machoni nikute mtu mwingine. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyoandika.

Februari 12

Mama mkwe haongei na mimi tangu siku ile. Si hasira ya makelele, hiyo ningeiweza. Anapokea chai, anarudisha bakuli, basi.

Februari 17

Nimempelekea Kanyshai mkate na siagi. Mkono umefungwa hadi begani. Nilitaka kumuuliza kwa nini siku ile alipanda juu, kwa nini siku ile hasa. Kabla sijauliza akaniambia mwenyewe, akitazama ukuta. Tangu baba yake alipompa lile boneti alikuwa hajashuka nalo hata mara moja. Wenzake walimwambia panda, siku moja tu, tutaweka mtu. Akaona siku moja si kitu.

Miaka kumi na mitatu. Nimemkumbatia upande usio na jeraha. Akaniuliza kama Dooronbek ameshasema. Jinsi alivyolisema jina, kwa wepesi, kama mtu anayesema "maji".

Februari 20

Hajasema.

Februari 25

Hajasema. Theluji ya mteremko imeanza kuwa ya kijivu. Hakuna mtoto anayekwenda. Sikujua kuwa kimya cha mteremko kinaogofya kuliko kelele zake.

Machi 1

Mganga wa kumwaga risasi iliyoyeyushwa kwenye maji ili moyo wa mgonjwa urudi, bibi wa kijiji cha juu niliyemtumia ujumbe, amejibu kwamba hawezi kushuka mpaka njia ifunguliwe. Nimekaa chini palepale mlangoni. Sina tena pa kwenda. Nimelia kwa sauti, mama mkwe yuko chumba cha pili, na asikie.

Amesikia. Ametoka, amekaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akanisemesha. Akaniambia ameyasikia ya kijijini na ya bombani. Akaniambia wanaosema nimemkosea adabu marehemu hawakumjua.

"Mzee wangu alikuwa mtu wa kuitika," akasema. "Ukimwita anakuja mbio, na chochote alichokishika mkononi anakuja nacho au anaondoka nacho. Nyundo, bakuli, kondoo. Hakuwa mwizi. Alikuwa msahaulifu."

Nikamuuliza, sasa tufanye nini, Mama.

Akasema aliyeondoka na kitu cha watu huitwa akirudishe. Na wa kumwita si mganga, wala si mimi. Ni mke wake. Halafu akaiziba midomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Nikaelewa kilichokuwa kimemfunga mdomo mwezi mzima, na hakikuwa mimi. Na yeye alikuwa analiogopa jina lile.

Machi 4

Jumatano. Jua limetoka, paa linadondosha maji.

Mama mkwe amechukua risasi za bunduki ya marehemu, zile za kuwindia kwale wa mlimani, akaziyeyusha jikoni ndani ya upawa hadi zikawa kama maziwa. Tulimkalisha Kinda kizingitini, uso nje. Mimi nilishika kitambaa juu ya kichwa chake na bakuli la maji baridi juu ya kitambaa. Bakuli likainama, maji yakamwagika kidogo. Mlango wazi, ili mwenye kurudi asibishe hodi.

Alimwaga mara ya kwanza. Risasi ililia ndani ya maji, pssss. Kinda akatikisika mwili mzima. Mama mkwe akafungua mdomo, na kilichotoka ni "Mzee wangu." Akasubiri. Akatikisa kichwa mwenyewe, kwamba hilo si jina.

Akaziyeyusha tena. Akamwaga tena. Safari hii midomo ilichezacheza na hakuna kilichotoka. Uso ulimwiva hadi kwenye shingo, bibi wa miaka sabini, kama msichana aliyekutwa mahali. Nilitamani kumsaidia na nikajua siwezi.

Mara ya tatu alikuwa analia tayari. Akamwaga, na kabla mvuke haujakwisha akaita. Aliita kuelekea nje, kuelekea mlimani, kwa sauti ya mtu anayemwita mwingine aliye ng'ambo ya mto.

"Dooronbek. We Dooronbek. Mrudishe mtoto, umemchukua kwa bahati mbaya."

Matone ya paa yakaendelea. Ng'ombe wa jirani akalia. Mimi nimeshika bakuli, nasubiri, na hakuna kitu, nikasema basi, imekwisha.

"Bibi," Kinda akasema. "Maji yananiingia shingoni."

Nililiangusha bakuli. Sijui nilifanya nini baada ya hapo, najua nilikuwa sakafuni na kichwa chake kiko kwenye tumbo langu, na alikuwa ananiambia nimwache, amelowa, ana njaa, kuna mkate? Nikamwambia upo, Dooronbek. Upo, mwanangu. Mkate upo.

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini, upawa mtupu mkononi, anatazama makaburini. Nilipotulia akanivuta mkono wa gauni. Akaniambia aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa na mpaka leo alikuwa hajalisema jina lile, hata peke yake, hata moyoni. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, kama amelitamka sawasawa.

Nikamwambia sawasawa kabisa, Mama.